Siku mzee aliposhuka kufungua geti

Mhariri, salaam. Swali lenu la wiki hii linauliza: mzazi akimwachia mwanawe ng'ombe badala ya nyumba mjini, amempa mali au amemfunga? Nimelisoma nikiwa Kongwa, kwenye baraza ambalo marehemu baba alikuwa akikaa jioni kungoja mifugo irudi. Zizi lililo mbele yangu sasa halina kitu. Nitafika huko, lakini kwanza naomba niwapeleke mbali, maana jibu langu nililipata ugenini.

Nilisomea mifugo Nebraska, Marekani, na kwa misimu miwili ya kuzalisha niliishi na familia moja ya wafugaji kaskazini mwa jimbo hilo, katika kaunti ya Cherry. Eneo lile huitwa Sandhills, yaani vilima vya mchanga, na ni mchanga kweli: matuta kama ya jangwani yaliyofunikwa na nyasi, karibu kilomita za mraba 50,000. Unguja ingeingia humo mara 30. Kaunti ile peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 15,000, na watu wake hawafiki 6,000. Usiku ukisimama nje unaona taa moja tu, nayo ni ya nyumba uliyotoka.

Kabla ya wafugaji kufika, nyasi zile zilikuwa za nyati wa Marekani, na za Walakota na Wapawnee, wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao walisukumwa pembeni. Kisha mwaka 1904 ikatoka sheria ya kumpa kila mlowezi ekari 640 za bure. Ukisikia ekari 640 unadhani ni utajiri. Lakini pale ng'ombe mmoja na ndama wake wanahitaji zaidi ya ekari kumi kwa mwaka, kwa hiyo ekari zote hizo 640 hazibebi hata ng'ombe sabini. Wengi walijaribu kulima, jembe likakata mizizi ya nyasi, upepo ukabeba mchanga, wakauza na kuondoka. Waliobaki ni wale walioelewa kwamba kinachofugwa pale kwanza ni nyasi, ng'ombe baadaye. Mpaka leo nyasi zikiliwa kupita kiasi mahali pamoja, upepo hufukua shimo, na shimo hilo hukua kila mwaka. Nimewaona wakitupa matairi chakavu ndani ya mashimo hayo ili mchanga utulie na mbegu zishike.

Wiki ya kwanza, mezani, nilimuuliza mzee wa nyumba ana ng'ombe wangapi. Kimya kikatanda. Mama akanisogezea bakuli la viazi na kuanza kuzungumzia theluji. Baadaye binti yao aliniambia kwamba swali lile ni sawa na kumwomba mtu akuonyeshe daftari lake la benki. Niliona aibu, kwa sababu ningepaswa kujua. Hata kwetu Ugogoni ng'ombe wa mtu hawahesabiwi hadharani. Tangu siku ile nilimwita Mzee, kwa Kiswahili, nikamweleza maana yake, naye akakubali kuitikia.

Binti yao alikuwa na miaka kama 35. Kaka yake alikuwa na kazi ya ofisini katika jiji la Omaha na hakuwa na mpango wa kurudi. Yeye alirudi nyumbani alipomaliza chuo, na niamini, sijaona mtu anayejua ng'ombe kama yule. Machi ndio mwezi wa kuzaa, na baridi bado iko chini ya sifuri. Usiku kucha, kila baada ya saa mbili au tatu, tulizunguka na tochi kuwaangalia mitamba wenye mimba ya kwanza, kwa sababu ndama akizaliwa kwenye barafu bila kukaushwa na kupata dang'a mapema, hafiki asubuhi.

Usiku mmoja ng'ombe mmoja alizaa ndama mfu, na bandani tulikuwa na yatima aliyefiwa na mama siku iliyotangulia. Binti alipiga magoti kwenye majani makavu, akatoa kisu kidogo, akamchuna yule mfu taratibu bila kutoboa ngozi, akaacha matundu manne ya miguu. Kisha akamvalisha yatima ngozi ile kama sweta, ikiwa bado na joto. Tukamsukuma kwa yule ng'ombe. Ng'ombe alimnusa kichwani, akarudi nyuma. Akamnusa mgongoni, akasimama. Halafu akatoa mlio wa chini, ule ambao ng'ombe humtolea ndama wake tu, akaanza kumlamba. Baada ya siku chache ngozi ilitolewa, na mama alikuwa ameshamkubali mtoto.

Mtu wa ujuzi huo, lakini kila nilipomuuliza kesho tunahamishia ng'ombe wapi, alinijibu, "Muulize baba." Alikuwa amefanya kazi pale zaidi ya miaka kumi. Kuuza, kununua, kuhama, kitabu cha hundi, vyote vilikuwa mikononi mwa mzee. Na si familia ile peke yake: sensa ya kilimo ya Marekani ya 2022 ilikuta wastani wa umri wa wakulima na wafugaji wao ni miaka 58. Watoto wapo, wanafanya kazi, lakini hawana kauli.

Mama alinisimulia kwamba katika ukame mkali wa 2012 binti alitaka wauze sehemu ya ng'ombe mapema, kabla kila mtu hajakimbilia mnadani. Mzee akasema mvua itakuja. Haikuja. Walinunua majani makavu kwa bei ya kuumiza, na malisho yaliyoliwa kupita kiasi mwaka ule yalichukua muda kupona. Mama alisema mzee hakuwahi kukiri kwa mdomo kwamba alikosea, ila kuanzia hapo alikuwa akikaa kimya zaidi.

Sasa nirudi kwenye zizi langu. Baba yetu alituachia ng'ombe zaidi ya 60. Alitufundisha kuchunga, kukamua, kutambua ugonjwa kwa kuangalia masikio. Hakutufundisha kuamua, kwa sababu aliamua yeye mpaka wiki aliyofariki. Alipoondoka tulibaki watu wazima watano ambao hatukuwahi kukaa pamoja kupanga hata siku moja ya malisho. Kiangazi kikaja, kila mmoja akachukua fungu lake, tukauza kwa bei yoyote. Miaka miwili tu. Na kinachoniuma zaidi ni dada yangu wa pili. Aliweza kumtazama ng'ombe akitembea akakwambia ana mimba ya miezi mingapi. Hakuna aliyefikiria kumpa hata ndama mmoja, mimi nikiwemo. Ningekuwa na nafasi ya kurudisha siku moja, ningerudisha siku ile ya kugawana.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu ni hili: ng'ombe si mnyororo wala nyumba si ukombozi. Mzazi humfunga mwanawe anapomrithisha kazi na kumnyima uamuzi, awe anamwachia zizi au duka. Mifugo igawiwe mzazi akiwa hai na macho yake yanaona, ili mtoto akikosea awepo wa kumuuliza. Na agawiwe anayeijua kazi, hata kama ni binti.

Niwape ushahidi. Wafugaji wa kule wana desturi moja kwenye pikapu: anayekaa upande wa mlango wa abiria ndiye hushuka kufungua mageti ya seng'enge, na dereva ndiye mkuu wa siku. Karibu misimu yote miwili mzee aliendesha, binti akakaa katikati, mimi nikashuka kwenye kila geti. Mwishoni mwa Mei, katika msimu wangu wa pili, tulitia ndama chapa. Majirani kama 20 walikuja na farasi wao bila kulipwa, kwa sababu wiki inayofuata sisi tungekwenda kwao, ule ule msaragambo wetu. Siku mbili baadaye tulikuwa tunahamishia ng'ombe malisho ya kiangazi. Nilipofika kwenye gari nikamkuta mzee amesimama upande wa abiria.

"Kaa katikati," aliniambia.

Binti alikuja kutoka bandani, akatuona, akasimama kidogo, kisha akazunguka akaingia kwenye usukani. Hakuna aliyesema neno. Tulipofika geti la kwanza nilijisogeza nishuke kama nilivyozoea, lakini mzee alishafungua mlango. Alishuka polepole, maana magoti yalikuwa yakimsumbua. Akalikumbatia gogo la geti ili waya ulegee, akaliburuta pembeni, akasimama akilishikilia mpaka tulipopita. Aliporudi ndani alikuwa anahema. Akamgeukia binti yake na kumuuliza, "Tunawapeleka wapi?"