Mama, usikubali mwanao aitwe Panya Road

Wiki hii mama mmoja wa Mbagala ameniandikia. Mwanawe wa miaka 15 amegoma kwenda shule kwa sababu watu wanamwita "Panya Road", jina la magenge ya vijana wahalifu wa Dar es Salaam. Anauliza ampeleke kwa bibi yake kijijini? Usiku ule sikulala.

Mimi niliitwa mwizi nikiwa na miaka 14, Tandika. Simu ya jirani ilipotea, nami nilikuwa nimepita uani kwao kuchota maji. Basi. Simu ikaja kuonekana humo humo ndani kwao, ila jina likabaki kwangu. Nikiingia dukani, muuzaji anavuta droo ya hela. Wenzangu wakakatazwa kucheza nami. Siku mama yangu aliponiuliza, "Kweli hukuiba?", nikaenda kulala kijiweni kwa vijana waliokuwa wakiiba kweli. Hawakunihoji. Walisema kaa, kula. Mama amefariki, na yule jirani hakuwahi kuja kumwomba radhi. Bado inaniuma.

Aliyenitoa huko ni fundi wa kuchomelea aliyenikabidhi funguo za karakana mbele za watu. Leo nina karakana yangu, na vijana ninaowafundisha wengi wao mtaa ulikwishawakatia tamaa. Najivunia.

Mwaka 1938 msomi Mmarekani Frank Tannenbaum alilieleza jambo hili: jamii ikimtangaza kijana kuwa mwovu, inamsukuma kwa waovu. Miongozo ya Riyadh ya Umoja wa Mataifa, ya 1990, kuhusu kuzuia uhalifu wa vijana, nayo inaonya hivyo hivyo. Lakini hofu ya Panya Road ilipotanda Dar mwaka 2015, na tena 2022, kijana yeyote aliyesimama kona alitiliwa shaka. Waliojeruhi watu kwa mapanga walikuwepo, na washtakiwe. Hata hao, wakiwa chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kesi yao isikilizwe faragha na inakataza wafungwe gerezani. Sisi tunawapiga picha na kuzirusha WhatsApp! Tuache, jamani.

Mama, usimhamishe. Akiondoka watasema kakimbia. Nenda naye kwa mwalimu mkuu, nenda naye kwa mjumbe, wamjue kwa jina lake. Mtume dukani na hela, watu waone. Ukikasirika, neno hilo lisikutoke kamwe. Na cheti chake cha kuzaliwa kiweke karibu: akikamatwa kwenye msako, nenda nacho kituoni kuthibitisha umri wake, na uombe aitwe ofisa ustawi wa jamii.