Nyumba Iko Tabata, Mwenye Nyumba Yuko Bukoba

Nilipohamishiwa Bukoba kikazi, niliiacha nyumba yangu ya Tabata, Dar es Salaam, ikiwa na mpangaji mmoja katika nyumba kubwa na wengine wawili katika vyumba vya uani, nikaamua kuisimamia mwenyewe kwa simu badala ya kumlipa wakala. Kati ya miji hii miwili kuna zaidi ya kilomita 1,400 za barabara, kwa hiyo siwezi kwenda kutazama bomba lililopasuka na kesho yake nikawa kazini. Kwa wewe unayeanza, jambo la kwanza kulijua ni kwamba umbali humfanya mwenye nyumba amwamini yule anayewahi kumpigia simu. Hakikisha basi kwamba habari za nyumba yako hazitoki kinywani mwa mtu mmoja tu.

Mimi nilijifunza hilo kwa maji. Mpangaji wa nyumba kubwa alinipigia akilalamika kwamba ankara imepanda karibu maradufu kwa sababu wa uani wanafua nguo za watu kwa malipo, nami bila kuuliza upande wa pili nikawakaripia wa uani, tena nusura niwape notisi. Fundi wa kwanza alisema tatizo ni pampu. Nikatuma fedha, pampu ikabadilishwa, ankara ikabaki vilevile. Mwezi wa tatu wa mzozo huo, rafiki yangu aliyekuwa likizo huko alipita, akafunga koki zote, akaikuta mita bado inazunguka. Bomba lilikuwa limetoboka chini ya ardhi, ndani ya kiwanja changu na baada ya mita, mahali ambapo gharama yote ni ya mwenye nyumba. Niliwaomba radhi wale wa uani, ingawa mmoja wao hakunisemesha vizuri mpaka alipohama.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi naomba picha mbili za mita ya maji: moja usiku watu wanapokwenda kulala, nyingine alfajiri kabla koki yoyote haijafunguliwa. Tarakimu zikitofautiana, kuna mahali maji yanavuja. Sharti tangi liwe limejaa kabla ya picha ya kwanza, la sivyo boya litaendelea kuruhusu maji kuingia na picha zitakudanganya. Kazi hiyo huwapa wapangaji kwa zamu, ili asiwepo mmoja anayegeuka kuwa msemaji wa nyumba.

Umeme una ugomvi wa namna yake. Wapangaji watatu wakitumia LUKU moja, hapakosekani wa kuhesabu friji ya mwenzake na pasi ya jirani, na simu ya kesi hiyo itakufikia usiku. Niliwafungia mita ndogo kila mmoja, na simu hizo zikakoma. Kumbuka pia kwamba kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kwa kuwa ni deni la mwenye jengo, andika katika mkataba kwamba mpangaji ataipunguza kwenye pango. Ni fedha kidogo, lakini nimeshuhudia ikizua maneno makubwa.

Kuhusu mtu wa kukutazamia nyumba, wengi humpa ndugu kazi hiyo kwa mdomo, bila ujira. Sina neno na ndugu; ila mtu usiyemlipa utaona haya kumwuliza kwa nini hakwenda. Mimi humlipa jirani kwa kila safari anayokwenda kukagua, naye hanishikii fedha ya matengenezo: vifaa nalipia moja kwa moja kwa mwenye duka, ujira namtumia fundi mwenyewe, na jirani hubaki na kazi ya kushuhudia na kupiga picha. Usimpe dalali nafasi hiyo. Kwa desturi ya Dar es Salaam, dalali hupata pango la mwezi mmoja kila anapoleta mpangaji mpya, kwa hiyo faida yake iko katika watu kuhama, wakati yako iko katika watu kukaa.

Mkataba uwe wa maandishi, uambatane na picha za kila chumba zilizosainiwa na pande zote mbili, na mpangaji atambulishwe serikali ya mtaa siku anayoingia. Mikataba yangu ni ya miezi sita sita, na nimeipanga imalizike Juni na Desemba, miezi ninayopata likizo, ili anayetoka anikabidhi funguo mimi mwenyewe. Ukipangisha kwa kampuni, nayo ikakata kodi ya zuio, yaani asilimia 10 ya pango inayoilipa serikalini kwa niaba yako, dai hati yake mapema, maana utaihitaji unapowasilisha hesabu zako TRA.

Matengenezo ya paa usiyasubirishe mpaka uitwe. Masika ya Dar es Salaam huanza Machi, na mvua ikishaanza mafundi hugombaniwa, tena kila mmoja hujitajia bei yake. Mimi humpandisha fundi juu ya bati mwezi Februari, jirani akiwa chini na simu mkononi, na video ya kila msumari uliolegea hunifikia kabla fundi hajashuka ngazi.