Kaanguka, CT haioneshi kitu, lakini maneno hayamjii

SWALI: Mwanangu ana miaka 10, yuko darasa la nne katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wiki tatu zilizopita alianguka kutoka juu ya mwembe akajigonga kichwa. Hakuzimia, ila alitapika mara moja na akawa kama amepumbaa. Hospitali walimpiga CT, wakasema hakuna damu wala mfupa uliovunjika. Sasa kila akiongea ni "ile nanii", "kile kidude". Ukimtuma vitu vitatu analeta kimoja. Mwalimu anasema amekuwa mvivu. Je, amepoteza lugha? Niache kuongea naye Kiswahili ili asichanganyikiwe? (Mama, Morogoro)

JIBU: Pole sana, mama. Unayoyaeleza yanafanana sana na mtikisiko wa ubongo. Kwamba hakuzimia hakuondoi uwezekano huo, maana watoto wengi wanaopata mtikisiko hawapotezi fahamu hata kidogo. Na CT kutoonesha kitu hakupingani na unachokiona nyumbani: kipimo kile hutafuta damu, uvimbe na mifupa iliyovunjika. Katika mtikisiko, nyuzi nyembamba za neva huvutika, kemikali ndani ya seli huvurugika, na ubongo hutumia nguvu nyingi kujirudisha sawa. Hayo CT haiyaoni.

Kwa maelezo yako, lugha hajaipoteza. Mtoto aliyeipoteza hushindwa kutaja hata kijiko au mlango, au haelewi anachoambiwa. Hilo ni nadra kwenye mtikisiko, na likitokea ni la kukimbiza hospitali. Kinachopungua zaidi ni kasi ya kulifikia neno, na wingi wa mambo anayoweza kuyashika akilini kwa mara moja. Ndiyo sababu unamtuma chumvi, kiberiti na vitunguu, anarudi na chumvi.

Ndiyo sababu pia anaweza kufaulu vipimo vya msamiati na bado akawa na shida. Ugumu hujitokeza kwenye kusimulia. Mwombe akueleze namna ya kucheza kombolela, kana kwamba hujawahi kuuona mchezo huo. Mtoto wa umri wake kwa kawaida huanza na nani anahesabu, wengine wanafanya nini, na mtu anakombolewa vipi. Aliyepata mtikisiko anaweza kurukia katikati: "Akamwona, akakimbia, akamwahi, akamkomboa." Nani kamwona nani? Sarufi haina kosa, lakini msikilizaji kaachwa njiani. Mrekodi kwa simu, kisha mrudie baada ya wiki mbili. Rekodi hizo mbili zitamsaidia sana mtaalamu atakayemwona, kuliko kuambiwa tu "haongei vizuri".

Kiswahili usikiache. Mtikisiko hauponi kwa kumpunguzia mtoto lugha, na Kiswahili ndiyo lugha anayoitumia kukwambia kichwa kinamuuma. Kiingereza cha darasani kinaweza kuonekana kimeporomoka zaidi kwa sababu ndicho kinachomdai nguvu nyingi: mada mpya, kelele, kunakili ubaoni huku anasikiliza.

Kwa mwalimu naomba uende mwenyewe, na uende na cheti cha hospitali. Neno "mvivu" linaniuma, kwa sababu mtoto huyu huenda anajitahidi kuliko wenzake wote. Omba akae mbele, apewe agizo moja moja, apewe nakala ya maelezo badala ya kunakili yote, na akiulizwa asubiriwe sekunde kadhaa kabla ya kupewa jibu au kupitwa. Nyumbani fanyeni vivyo hivyo. Akikwama, mwulize "kinafanya kazi gani?" au "kinaanza na herufi gani?" Msimmalizie sentensi kila mara.

Jambo moja husahaulika mno: masikio. Kuanguka kunaweza kujeruhi sikio la ndani au la kati, na mtoto asiyesikia vizuri huonekana hafuati maagizo. Mpeleke akapimwe usikivu, na macho pia.

Kuhusu muda, watoto wengi hupona ndani ya wiki nne. Lakini kati ya wanaofikishwa idara ya dharura, takribani 3 kati ya 10 huendelea kuwa na dalili zaidi ya hapo. Kumfungia chumbani gizani haishauriwi tena. Mapumziko ni ya siku moja au mbili za mwanzo, halafu arudi kwenye shughuli nyepesi taratibu, akipumzika dalili zikizidi. Usingizi wa kutosha ni lazima.

Mpira na kupanda miti visubiri hadi amemudu siku nzima za shule bila dalili na daktari ameruhusu. Kichwa kugongwa tena kabla hakijapona ni hatari. Maumivu ya kichwa yakizidi, akitapika tena na tena, akipata degedege, akilegea upande mmoja, ulimi ukiwa mzito au akiwa na usingizi usio wa kawaida, usisubiri miadi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kama hakuna hata moja kati ya hayo lakini wiki ya nne inapita na bado hali ni hii, mwombe daktari rufaa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Tuko wachache nchini, na foleni ni ndefu, kwa hiyo ulizia nafasi mapema.