Barua kwa Mwanangu Ambaye Jina Lake Halikutajwa

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja, na baba yako naye ameusoma. Unasema kwamba raundi zote 7 za uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, zimekwisha, timu 32 zimetaja majina ziliyoyataka na lako halikuwamo, na sasa timu mbili zimempigia wakala wako simu zikikuita kambini kwa mkataba mdogo usio na uhakika. Unaniuliza kama kornabeki, beki wa pembeni anayezuia pasi, asiyeteuliwa ana maisha yoyote katika ligi hiyo, au huitwa tu ili wale walioteuliwa wapate mtu wa kufanyia mazoezi. Sitaki kukujibu kwa maneno ya kukupoza moyo. Nitakueleza kazi ya mtu mmoja, Everson Walls, ambaye sisi tunaoishi Dallas tumekuwa tukisikia habari zake tangu tulipohamia hapa.

Walls ni mzaliwa wa Dallas, wa mwaka 1959, na alisoma Grambling State kule Louisiana, chuo cha Wamarekani Weusi kilichokuwa chini ya kocha mashuhuri Eddie Robinson. Katika msimu wake wa mwisho, 1980, alinasa pasi 11 za wapinzani, na hakuna mchezaji wa chuo chochote nchini aliyemfikia. Uteuzi wa mwaka 1981 ulikuwa na raundi 12, karibu mara mbili ya hizi za kwenu, lakini zote zilipita bila mtu kumtaja. Walikuwa wamempima mbio za yadi 40, wakaona hana kasi ya kutosha kwa nafasi yake, basi yale waliyoyaona kwenye saa yakafunika yale aliyoyafanya uwanjani.

Hapo ndipo ninapotaka utulie, kwa sababu nawe umeniandikia juu ya muda wako wa mbio kana kwamba ndio uliokuhukumu. Kornabeki hakimbii peke yake kwenye mstari ulionyooka. Anaanza kwa kurudi kinyumenyume, macho yake yako kwenye kiuno cha mpokeaji, yule mpinzani anayekimbia kudaka pasi, kwa kuwa kichwa na mabega hudanganya, kisha katika nukta moja anageuza nyonga, anaamua kama mwenzake anakata ndani au anakwenda moja kwa moja, na bado anatakiwa ajue kwotabeki, yule anayerusha pasi, anafikiria nini. Walls alikuwa msomaji wa hayo yote. Alimwachia mpokeaji nafasi ndogo ili kwotabeki aitamani, na mpira ulipokuja, mikono yake haikuuachia. Dallas Cowboys walimsajili bila gharama kubwa, na katika msimu wake wa kwanza alinasa pasi 11, akaongoza ligi nzima. Mwaka 1982, msimu ulipokatwa na mgomo wa wachezaji ukabaki na mechi 9, alinasa 7 na kuongoza tena. Mwaka 1985 aliongoza kwa mara ya tatu, akiwa na 9, jambo ambalo hakuna mchezaji aliyewahi kulifanya kabla yake.

Lakini ukiwauliza watu wengi, hawatakuonyesha hata moja kati ya hizo. Watakuonyesha picha. Tarehe 10 Januari 1982, katika uwanja wa Candlestick Park, San Francisco, Cowboys walikuwa wanaongoza fainali ya NFC, moja ya kanda mbili za ligi, zikiwa zimebaki chini ya dakika moja na nusu. Joe Montana, kwotabeki wa San Francisco, akakimbizwa hadi pembeni, akaurusha mpira juu mno, na mpokeaji wake Dwight Clark akaruka akaudaka kwa ncha za vidole nyuma ya mstari wa kufungia. Mtu anayeonekana kwenye picha akiwa amechelewa, mikono imenyooka na mpira umeshampita, ni Walls. San Francisco walishinda 28 kwa 27. Katika mechi hiyo hiyo yeye alikuwa amenasa pasi mbili na kuokota mpira uliodondoshwa na wapinzani. Lau mchezo ungeisha dakika mbili mapema, huenda angekuwa shujaa wake. Mimi naona kazi yake ilipimwa hapo kuliko siku ya uteuzi. Alikuwa na umri wa miaka 22, picha yake imesambaa nchi nzima, na msimu uliofuata alirudi akaongoza ligi.

Cowboys walimtema baada ya msimu wa 1989, ambao walishinda mechi moja tu. New York Giants wakamchukua akiwa na miaka 30, umri ambao makornabeki wengi wanafungasha virago. Tarehe 27 Januari 1991, kule Tampa, katika dakika mbili za mwisho za Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi, Thurman Thomas wa Buffalo alipenya katikati akiwa na uwanja mtupu mbele yake, na aliyebaki kumzuia alikuwa Walls. Alimkamata miguuni na kumwangusha. Buffalo wakalazimika kupiga mpira wa yadi 47, ukapita kulia mwa nguzo, na Giants wakatwaa ubingwa 20 kwa 19. Alicheza misimu 13 kwa jumla na kunasa pasi 57. Ukumbi wa Umaarufu wa Canton, unaowaenzi wachezaji bora wa mchezo huu, ulimfikisha fainali mwaka 2018 na haukumchagua. Kwa maoni yangu hawakumtendea haki. Mwaka 2007 alimpa figo yake Ron Springs, rafiki aliyempata katika kikosi cha Cowboys, na habari hiyo ndiyo iliyomfanya baba yako ampende.

Sasa nikuambie na upande wa pili, maana wewe ni mtu mzima. Kambini mtakuwa watu 90, na mwishoni mwa Agosti watabaki 53. Wengi wa walioitwa kama wewe watarudi nyumbani, na baadhi yao watakuwa wachezaji wazuri. Wachache huingia kikosi cha mazoezi na kusubiri. Malcolm Butler hakuwa hata na mkataba mwaka 2014; New England Patriots walimwita kwa majaribio tu, na Februari 2015 alinasa pasi iliyowapa Super Bowl. Siwezi kukuahidi hayo.

Ninakushauri uende, ila uchague. Aliyeteuliwa hupelekwa, nawe unayo nafasi ya kuuliza. Mwambie wakala wako akupe orodha ya makornabeki walio na mikataba katika kila timu, na uende kule walikopungua, hata kama pesa ya kusaini ni ndogo zaidi. Muulize kocha waziwazi kama atakujaribu pia kwenye vikosi vya mipira ya kupigwa, vile vinavyoingia uwanjani mpira unapopigwa kwa mguu, kwa kuwa hapo ndipo asiyeteuliwa anapolipia chakula chake. Na kabla hujatia saini, tutumie nakala ya mkataba tuisome pamoja na baba yako, hasa kipengele kinachosema watakufanyia nini ukiumia kambini.

Mama yako