Unahamishwa kutoka waya wa shaba kwenda faiba? Anza na umeme

Fundi wa kampuni ya simu akija kukubadilishia laini ya mezani kutoka shaba kwenda faiba, kasi ya intaneti mtaiongea baadaye. Muulize kwanza: umeme ukikatika, simu hii itaita?

Kazi yangu ni kufunga simu za maofisini hapa Dar es Salaam, zaidi Upanga, Ilala na Kariakoo, na wateja wengi jambo hili huwa hawajaambiwa. Laini ya shaba ilikuja na umeme wake. Kwenye mitambo ya kampuni kuna mabetri yanayosukuma takriban volti 48 hadi kwenye simu yako, na nyuma ya mabetri kuna jenereta. Ndiyo maana zamani mtaa ulikuwa gizani huku simu ya sebuleni inaita kama kawaida. Faiba ni uzi wa kioo, unapitisha mwanga tu. Simu sasa inachomekwa kwenye kiboksi ambacho mafundi tunakiita ONT, na kiboksi hicho kinategemea umeme wa nyumba yako. Kikizima, simu nayo imezima.

Zahanati moja niliyoihudumia ilikuwa na jenereta zuri, lakini ONT ilichomekwa kwenye soketi ambayo jenereta halifiki. Usiku umeme ukikatika, taa zinawaka, friji la dawa linafanya kazi, na mgonjwa anayepiga hapati mtu. Hili liliniuma sana, maana kuhamisha waya mmoja tu kungetosha.

Kwa nyumba au duka, tafuta betri ndogo ya akiba ya volti 12, baada ya kusoma kwenye adapta ya ONT kwamba nayo ni ya volti 12. Betri ya 12V 7Ah inabeba takriban wati-saa 84. Ukiwa na kifaa kinachokula wati 10, hesabu ya karatasini itakupa muda wa saa nane. Mimi huwaambia wateja wategemee tano. Kama ruta ni kifaa cha pembeni, iwekee hesabu yake. Halafu fundi akiwa bado hapo, zima swichi kuu na uipigie simu hiyo ya mezani kwa simu ya mkononi.

Namba ya 022 iliyoko kwenye kibao na mihuri yako, dai ahadi ya maandishi kwamba haitabadilika. Huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba, iliyoanza nchini 2017, ilianzishwa kwa simu za mkononi, kwa hiyo usidhani utaibeba namba ya mezani kwenda kampuni nyingine.

Ofisi yenye PABX (mtambo unaogawa simu za ndani ya ofisi), faksi, kengele ya wizi au simu ya ndani ya lifti ivitaje vyote kabla ya siku ya kazi. Faksi ndiyo husumbua kuliko vyote. Simu za kuzungusha namba kwa kidole zinaweza kupokea na zikashindwa kupiga, kwa sababu ONT nyingi hazisomi yale mapigo ya umeme zinayotuma.

Na ule uzi mwembamba wa faiba usiukunje nyuma ya meza wala kuubana na mlango. Taa nyekundu ya LOS ikiwaka, mwanga haufiki: angalia mkunjo kwanza, ndipo upige huduma kwa wateja. Usichungulie ncha yake, kwani mwanga wa leza hauonekani na unaweza kudhuru jicho.