Y2K: tulitishwa bure? Majibu kwa wasomaji

Makala yangu kuhusu Y2K (kifupi cha Kiingereza cha mwaka 2000), au mdudu wa milenia, ile hitilafu ya kompyuta iliyosubiriwa usiku wa kuamkia Januari 1, 2000, imeleta maswali mengi. Nimechukua machache. Wengi wenu mmeuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: lilikuwa tatizo la kweli au mradi wa watu wa kujipatia fedha? Hilo nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu linaniuma.

Mimi nimezaliwa 2003. Tatizo lenyewe lilikuwa nini hasa? (Mwanafunzi, Morogoro)

Kompyuta nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili: 1975 ikawa 75. Walioanza hivyo walikuwa na sababu. Taarifa zilitunzwa kwenye kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu, na kadi ya kawaida ya kampuni ya IBM ilikuwa na safu 80 tu. Hapo hapo liingie jina, namba, tarehe na kiasi cha fedha. Kadi ziliondoka, ila nafasi ya kutunzia data iliendelea kuwa ghali kwa miaka mingi, na mazoea yakakaa.

Sasa chukua mtumishi aliyezaliwa 1940. Mwaka 1999 kompyuta inachukua 99, inatoa 40, inapata 59. Safi. Mwaka 2000 inachukua 00, inatoa 40, inapata hasi 40. Programu moja itagoma. Nyingine, isiyotunza alama ya hasi, itasema mzee ana miaka 40, kwa hiyo asubiri pensheni miaka 20 mingine. Peleka hesabu hiyo kwenye riba ya mkopo, kwenye bima, kwenye dawa zinazokaribia kuisha muda, utaona kwa nini watu walikosa usingizi.

Kwa nini walisubiri hadi dakika za mwisho? (Msomaji, Tanga)

Walionywa. Mtaalamu wa kompyuta Mmarekani, Bob Bemer, aliandika juu ya jambo hili tangu miaka ya 1970. Mwaka 1993 Peter de Jager wa Kanada akachapisha makala kali katika gazeti la Computerworld. Wakuu wa mashirika waliona 2000 iko mbali, na kila mmoja aliamini programu zile zitakuwa zimeshabadilishwa. Hazikubadilishwa. Programu inayofanya kazi haiguswi.

Sote tunajua hakuna kilichotokea. Kwa nini usikubali tu kwamba watu wa kompyuta walikula hela ya bure? (Mhasibu, Mwanza)

Ndugu yangu, siwezi kukubali, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza, si kweli kwamba hakuna kilichotokea. Desemba 28, 1999, kabla hata ya siku yenyewe, maelfu ya mashine za kadi madukani Uingereza zilianza kukataa malipo. Zilipangwa kuangalia siku nne za kazi mbele, na siku hiyo zikagonga Januari 2000. Wenye maduka wakarudi kwenye karatasi hadi mwaka ulipogeuka. Usiku wa manane Japani, vifaa vya kufuatilia mionzi mkoani Ishikawa viliacha kufanya kazi, kwa bahati nzuri bila madhara. Marekani ilikaa siku kadhaa bila kuweza kutumia ipasavyo picha za baadhi ya satelaiti zake za upelelezi, na chanzo kilikuwa marekebisho yenyewe ya Y2K.

Kisha kuna Sheffield. Maabara ya hospitali moja mjini humo ilikuwa ikikadiria uwezekano wa wajawazito kupata mtoto mwenye sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa mwili na akili), na umri wa mama una uzito mkubwa katika hesabu hiyo. Kuanzia Januari 2000 kompyuta ikawa inakosea umri. Hadi kosa lilipogunduliwa mwezi Mei, wanawake 154 walikuwa wamepewa jibu lisilo sahihi. Hakuna jengo lililoanguka wala ndege iliyodondoka. Kina mama walipewa karatasi wakaziamini, wakafanya maamuzi mazito ya maisha yao.

Hayo ndiyo yaliyoponyoka baada ya ukaguzi wa miaka kadhaa. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba dunia ilitumia dola bilioni 300 au zaidi. Zilikwenda kwa watu waliofungua programu mstari kwa mstari wakitafuta kila mahali tarehe ilipojificha, nyingi zikiwa za COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu, ambazo walioziandika walishastaafu. Kampuni za programu za India zilikua sana kupitia kazi hiyo. Wewe ni mhasibu: ukikagua vitabu ukazuia wizi, utakubali mtu aseme hukufanya kitu kwa kuwa hakuna kilichoibwa?

Mbona Italia na Urusi hazikutumia fedha nyingi, na zilipita salama? (Msomaji, Nairobi)

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na naiheshimu. Ni kweli, nchi zilizochelewa hazikuzama. Lakini nyingi zilitumia programu na mashine za kampuni kubwa zile zile, ambazo zilisharekebishwa kwa gharama za wengine. Tena, mahali ambapo kazi nyingi bado zilifanywa kwa mkono, kompyuta ikikosea karani anaendelea. Nakubali pia kwamba wapo waliouza hofu, wakabadilishia ofisi mashine nzima pale ambapo marekebisho madogo yangetosha. Tapeli akiingia kwenye jambo la kweli, jambo halipotezi ukweli wake.

Eti Warusi na Wamarekani walikesha pamoja kuangalia makombora? (Msomaji, Bujumbura)

Kweli kabisa. Maofisa wa jeshi la Urusi walikaa na wenzao wa Marekani katika kituo kimoja Colorado Springs, ili kompyuta ikionyesha kombora lisilokuwepo waulizane ana kwa ana. Na saa chache kabla, Boris Yeltsin alikuwa ametangaza kujiuzulu urais.

Nakumbuka ilikuwa Ramadhani, tukaambiwa tuitazame New Zealand kwanza. Kwa nini? (Mama, Muscat)

Kumbukumbu yako ni sahihi, mama, lilikuwa kumi la mwisho. New Zealand ni kati ya nchi za mwanzo kuingia mwaka mpya. Usiku wa manane wao ulikuwa saa tisa alasiri kwenu, saa nane mchana Dar es Salaam. Umeme wao haukukatika, na wasimamizi wa nchi nyingine wakapata ahueni ya mapema.

Kuna mdudu mwingine anakuja 2038? Na mimi ninayejifunza kuandika programu nifanye nini? (Mwanafunzi, Kampala)

Yupo. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Ikitumia namba ya biti 32 (biti ni tarakimu moja ya kompyuta, 0 au 1), inaweza kufika sekunde 2,147,483,647 tu. Kwa saa za kwenu hiyo ni Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata, namba hiyo hugeuka hasi, na mfumo ambao haujarekebishwa unaweza kurudi Desemba 1901. Kompyuta na simu nyingi za sasa ni za biti 64, hazina shida. Ninachohofia ni vidude vilivyofichwa ndani ya mitambo ya viwanda, mita na ruta za zamani, ambavyo hakuna anayekumbuka kuvikagua.

Wewe andika mwaka kwa tarakimu nne, na panga tarehe kwa mwaka, mwezi, siku. Tunza muda kwa biti 64. Jaribu programu yako kwa Februari 29 kabla hujamkabidhi mteja: mwaka 2024 pampu za mafuta za kujihudumia New Zealand ziligoma siku hiyo. Na usidhani kila mwaka unaogawanyika kwa 4 ni mwaka mrefu. 2000 ulikuwa mrefu kwa kuwa unagawanyika kwa 400, 2100 hautakuwa.