Msichome madaftari ya mzee

Juzi dada mmoja kaniandikia, babu yake kafariki kaacha sanduku la barua na madaftari, ndugu wanasema ni takataka kwani mzee hakuwa mtu mkubwa. Nikashindwa kumjibu siku ile, maana na mimi yalinikuta.

Baba yangu alikuwa seremala, na kila jioni anaandika, kazi ya nani, mbao ngapi, nani hajalipa, mtoto gani kaamka na homa, miaka thelathini na kitu hiyo. Siku ya nne baada ya mazishi watu wakafagia chumba chake wakachoma kila kitu, mi nimelala. Nimetoka nakuta majivu na zile waya za madaftari. Sikugombana na mtu ila mpaka leo inaniuma.

Yalibaki madaftari mawili yaliyokuwa kwangu na barua kumi na moja. Mwezi uliopita nimeyapeleka kwenye hifadhi ya nyaraka ya mkoa, na yule mhifadhi akafungua ukurasa wa kwanza akasema, bei za mbao mwaka hadi mwaka, tena kwa mkono wa fundi mwenyewe, hizi hatuna! Nilitoka pale kifua mbele.

Sasa dada, usipange upya, mpangilio wa mzee nao unaeleza jambo. Toa pini, zinashika kutu. Selotepu na laminesheni usiguse kabisa, nilishaharibu barua moja kwa selotepu, imeacha doa la njano halitoki. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli, sio peni. Na ukiyapeleka hifadhini, fomu ya kukabidhi isome yote, mara nyingi unaweza kuomba barua za siri zifungwe kwa miaka kadhaa.

Halafu hili la mtu mkubwa tuliache jamani. Italia, mji wa Pieve Santo Stefano, tangu 1984 wanahifadhi shajara za watu wa kawaida. Mkulima mmoja, Clelia Marchi, alifiwa na mumewe akaandika maisha yake yote kwenye shuka la kitandani, na shuka lipo pale hadi leo. Tunawalilia wazee wetu kwa sauti halafu maneno yao tunayatia kiberiti, kwanini?

Dada, sanduku hilo usiliache pale sebuleni. Leo leo libebe ulale nalo chumbani kwako.